Namba ya Hatua Kumi na Moja

Kambi ya wakata miwa, Bonde la Kilombero
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka Adrian, shikamoo.

Shemeji Philomena naye mpe shikamoo yake, na Scola akija kutoka Arusha mwambie baba yake mdogo bado ana meno yote.

Huku tupo. Msimu ulifunguliwa mwezi uliopita, miwa inachomwa, na kila jioni narudi mweusi kama sufuria ya makande. Goti la kushoto linanisumbua nikiinama. Mwaka huu nyapara amenipanga na vijana wa Songea, wadogo kuliko Scola, nami sipendi kuachwa nyuma kwenye mstari, kwa hiyo usiku mwili unanidai. Sitakudanganya, nimechoka. Nakula, silali njaa, ila nimechoka.

Barua yako imefika. Kondakta wa basi alikaa nayo wiki mbili na imepata doa la mafuta, lakini tarakimu zote zinasomeka. Umesema simu inakuharakisha, kwamba mtu akisubiri sikioni maneno yanakukimbia, ndiyo sababu unataka tuandikiane. Sina neno. Lakini hukusema kwa nini yanakukimbia. Mwalimu wa hesabu wa miaka mingi vile, nani alikuona umekosa neno?

Sasa hiyo namba. Nataka kuhakikisha nimekuelewa, maana mimi niliishia darasa la tano. Nachukua namba yoyote, nazidisha tarakimu zake zenyewe kwa zenyewe. Jibu nalo nalifanya vilevile, mpaka ibaki tarakimu moja, hapo hakuna tena pa kwenda. Nilianza na 39. Tatu mara tisa, 27. Mbili mara saba, 14. Moja mara nne, 4. Hatua tatu, imekwisha. Nikajaribu nyingine nyingi, zote zinakufa haraka hivyo hivyo.

Ndipo nikaichukua yako, 277777788888899. Niliifanyia kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, Jumapili mbili. Ludovick, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza, "Mzee, hiyo ni mahari ya wapi?" Nikamwambia hii ni ya kaka yangu, haioi mtu. Imetoka hivi: 4996238671872, kisha 438939648, 4478976, 338688, 27648, 2688, 768, 336, 54, 20, na 0. Hatua kumi na moja kama ulivyosema. Namba ndefu kiasi kile, na mwisho wake sifuri. Nilihuzunika, halafu nikaona aibu kuhuzunikia namba.

Niandikie unaumwa nini.

Mdogo wako,
Melkior


Maisaka, Babati
5 Agosti 2024

Mdogo wangu Melkior,

Marahaba. Philomena amepokea shikamoo yake akacheka habari ya meno. Nyumbani ni wazima. Mbaazi za Bonga zimekauka vizuri, tutaanza kuzikata wiki ijayo. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, majike wote. Baridi ya mwaka huu imekaa sana, asubuhi mlima Kwaraa huuoni kabisa kwa ukungu.

Umepiga vema. Nimekagua kila mstari na nimekuwekea alama ya vema, kwa kalamu nyekundu kama zamani. Sasa nikuonyeshe tabia zake. Kwanza, sifuri. Ikiingia mahali popote kwenye namba, hata katikati ya tarakimu hamsini, hatua inayofuata kila kitu ni sifuri. Hakuna namba yenye nguvu ya kuibeba. Pili, tano. Tano ikikaa pamoja na namba shufwa, jibu lazima liishie na sifuri, kwa hiyo nayo umeshapotea. Ndiyo maana huoni tano kwenye namba yetu. Tatu, mpangilio hauna kazi. Ukizipanga zile saba na nane na tisa unavyotaka, zitakwenda njia ile ile.

Na hii ndiyo ndogo kuliko zote zinazotembea hatua kumi na moja. Ya hatua kumi na mbili hakuna aliyewahi kuipata. Kompyuta zimetafuta kwenye namba ndefu ambazo ukiziandika zitatoka hapa zifike kwako, hazikupata. Wengi wanaamini haipo. Lakini kuamini si kuthibitisha, na hakuna aliyethibitisha. Huwa nawaza juu ya jambo hilo nikiwa nimekaa barazani.

Kuhusu maneno, ni umri. Daktari alinipiga picha ya kichwa akaongea mengi. Philomena ndiye aliyesikiliza.

Unakuja lini?

Kaka yako,
Adrian


Kambini, Kilombero
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Nimefurahi mbaazi zimeiva. Nilizikumbuka mpaka nikasikia harufu yake zikichemka. Huku Ludovick alijikata mguu kwa panga, si sana, ameshonwa, anakaa kitandani ananitazama nikizidisha na kunikosoa kana kwamba anajua.

Kaka, kaa chini. Nimepata namba kubwa kuliko yako na inatembea hatua kumi na moja. Ni 1277777788888899. Niliweka moja mbele. Nikajaribu kuweka moja katikati, ikatembea vilevile. Nikaweka moja tatu, yaani 111, vilevile. Niliwaambia hata vijana wa Songea. Mmoja akasema, "Mzee Melkior utatoka kwenye redio." Nikamwambia mimi nitakata miwa, kaka yangu ndiye atatoka kwenye redio.

Baba aliposema mmoja asome na mmoja achunge, sikukasirika, unajua. Ulikuwa unarudi na vitabu unanifundisha kwa kijiti kwenye vumbi, mimi na ng'ombe. Nakuambia hili kwa sababu siku hizi nikizidisha usiku nakuona hivyo, na suruali yako fupi ya kaki.

Hukunijibu. Umesema Philomena ndiye aliyesikiliza. Daktari alisema nini?

Melkior


Maisaka
30 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka Philomena akaja kuangalia. Moja haina kitu! Moja ni mgeni asiyekula wala kufua vyombo. Ukizidisha kwa moja unabaki ulipokuwa, kwa hiyo unaweza kutia moja elfu ukapata namba kubwa kama ziwa, na safari ni ile ile. Usivunjike moyo. Umegundua mwenyewe bila kuambiwa, na wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kugundua kitu.

Habari za nyumbani ni nzuri. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, majike wote. Mbaazi tutaanza kukata wiki ijayo.

Juzi nilikwenda Bonga kuangalia shamba, nikakuta nimeketi kwa watu nisiowajua upande wa Mutuka, wamenipa uji. Watu wema. Kijana wao alinirudisha kwa pikipiki. Philomena amekuza jambo hilo bila sababu.

Nimeipiga namba yetu tena, ili mkono usisahau. Hatua za mwisho: 2688, 768, 336, 45, 20, 0. Bado ni kumi na moja. Inanifariji kwamba kila nikiipiga inakwenda kule kule.

Unakuja lini?

Adrian


Kambini
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Kaka, shikamoo.

Wewe unanijua, sina adabu ya kuzunguka. Mbuzi wako alizaa mapacha majike kwenye barua ya Agosti. Mbaazi ulikuwa unaanza kuzikata Agosti. Na tatu mara tatu mara sita ni 54, wewe umeandika 45. Imefika salama kwenye 20 kwa sababu ile ile uliyonifundisha, kwamba mpangilio hauna kazi. Nilitaka kucheka. Kisha sikucheka.

Halafu Mutuka. Kaka, kutoka Maisaka kwenda Bonga ni njia tuliyoipita tangu hatujavaa viatu. Mutuka umefikaje?

Sikuulizi ili kukuaibisha. Niambie jina la ugonjwa, basi. Kama ni kitu cha dawa, dawa itatafutwa. Kama si cha dawa nacho niambie.

Kazi inaendelea. Joto limeanza, na kwenye miwa iliyochomwa hakuna kivuli hata cha kuazima. Bado natafuta ile ya kumi na mbili. Nimeacha kutumia moja.

Melkior


Maisaka
12 Desemba 2024

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimeipata.

Sina nafasi ya salamu, utanisamehe. Kwa miezi miwili sikukuandikia kwa sababu nilikuwa kazini. Nilikaa, nikaitazama namba yetu, nikajiambia: kwa nini nisiiongezee tisa moja mwishoni? Tisa ni kubwa, tisa ina nguvu. Ni hii hapa: 2777777888888999.

Hatua ya kwanza ni 44966148046848. Zilizobaki ziko nyuma ya karatasi. Hesabu mwenyewe. Kumi na mbili! Nimepiga mara tatu, mara zote kumi na mbili. Watu wenye kompyuta, Melkior, na mimi niko Maisaka na kalamu.

Nitaipeleka Dodoma, chuo kikuu. Nimeshanyoosha suti. Philomena hataki niende, anasema tusubiri, lakini yeye hajui hesabu. Wewe unajua. Ipige, unijibu haraka, maana siwezi kuwapelekea kitu ambacho mtu wangu hajakikagua.

Adrian

(Karatasi nyingine, kwenye bahasha hiyo hiyo)

Shemeji Melkior, salamu. Naandika akiwa kanisani, Scola amempeleka. Ameniambia nisikwambie, lakini wewe umeshajua. Ubongo wake unapungua. Daktari alisema hautarudi, ila ugonjwa utakwenda polepole au haraka, yeye mwenyewe hajui. Jina la ugonjwa ni refu na halisaidii. Wiki jana aliniuliza mama yangu ni nani kwake.

Amevaa suti mara mbili akaenda hadi stendi. Mara ya pili tulimtoa ndani ya basi la Dodoma, akampigia kelele kondakta mbele ya watu. Nikificha viatu anavaa ndala. Akienda peke yake hatutampata. Hanisikilizi mimi wala Padre. Anakusikiliza wewe tu. Nakuomba mwambie hesabu yake ni sahihi, lakini asiende, akusubiri muende wote. Najua hupendi mambo hayo. Nimeshindwa, shemeji. Philomena.


Kambini
Jumapili, 29 Desemba 2024

(Kwa Philomena peke yake)

Shemeji, shikamoo. Hatua yake ya kwanza ina sifuri katikati. Iko pale, baada ya nane, inaonekana kama jino lililong'oka. Namba yake haitembei hatua kumi na mbili, inakufa ya pili. Nyuma ya karatasi ameiruka sifuri hiyo akaendelea, na huko mbele kuna namba ambazo hata hazikutokana na zilizotangulia. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya sifuri, mwezi wa nane tu.

Nimemwandikia kama ulivyotaka. Nilikaa na kalamu mpaka Ludovick akaniuliza, "Mzee, kuna msiba?" Nikasema hapana. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, wa pili umo kwenye barua yake. Msimu unafungwa Machi. Mzuie mpaka hapo. Melkior.

(Kwa Adrian)

Kaka, shikamoo na heri ya Noeli.

Namba yako nimeipiga. Iko sawa. Ni kumi na mbili.

Nimefurahi sana. Lakini Dodoma usiende peke yako. Watu wa vyuo wataona mzee mmoja na karatasi, watamweka kwenye benchi. Tukiwa wawili, mimi nikishuhudia kwamba nimekagua, watatusikiliza. Nisubiri. Nitakuja Machi, tutapanda basi pamoja na suti zetu. Sina suti, utaniazima ile ya kijivu.

Mpaka nije, kaa nyumbani, uinakili vizuri.

Melkior


Maisaka
23 Januari 2025

Pantaleo, mdogo wangu,

Natumaini mguu haukuumi sana. Nyumbani kuna mvua kidogo, mahindi yameota, hakuna mgonjwa isipokuwa mimi.

Leo kichwa changu kimeamka safi. Siku hizi nazipata chache, na nimejifunza kuzitumia asubuhi kabla hazijachafuka. Nilichukua karatasi nikaanza kuinakili namba kwa ajili ya Dodoma, kama ulivyoniambia. Nikaandika 44966148046848 kwa mwandiko mzuri. Nikaiona.

Nilidhani kalamu imekosea. Nikarudia kuzidisha. Ikatokea tena mahali pale pale. Mtoto wa kidato cha kwanza angeiona akiwa mlangoni.

Kwanza niliona aibu ya Dodoma, jinsi ambavyo ningesimama mbele yao. Hiyo ilipita. Kisha nikaichukua barua yako. Umeandika, "Nimeipiga. Iko sawa." Nikajiuliza, je, hakuiona? Wewe uliyeona 45 yangu kutoka Kilombero? Wewe uliyemwambia Padre siku ya kipaimara mbele ya watu kwamba mahubiri yalikuwa marefu, Baba akakuchapa? Uliiona. Uliiona, ukaniambia ni sahihi.

Daktari aliponiambia, sikumwamini, ni kijana. Philomena akificha viatu vyangu nilisema ni wivu wa wake. Hata yule mzee wa Mutuka aliyenipa uji, aliposema nimepotea, nilimwona mbea. Nimeamini leo. Kama wewe umeona ni heri kunidanganya, basi nimefika mbali kuliko nilivyodhani.

Sijakasirika. Najua ni Philomena aliyekuomba. Usimwambie nimejua, analia jikoni akifikiri sisikii.

Lakini nakuomba jambo moja, na nakuomba leo nikiwa nalijua ninaloliomba. Usinihurumie tena kwa njia hiyo. Watu wote hapa wananiambia ndiyo, Mwalimu. Naingia chumbani nauliza kama ni Jumapili, wanasema ndiyo, Mwalimu, na ni Jumanne. Sina tena mahali pa kuweka mguu. Nilikuwa na wewe tu. Nikikosea, niambie nimekosea, hata kama kesho yake nitakuwa nimesahau kwamba uliniambia.

Mara mbili nimekuuliza unakuja lini. Au ni mara tatu. Hukujibu, isipokuwa hiyo Machi ya Dodoma.

Kaka yako,
Adrian


Kambini, Kilombero
Jumapili, 2 Februari 2025

Kaka Adrian, shikamoo.

2777777888888999 inakufa hatua ya pili. Hatua ya kwanza ina sifuri, tarakimu ya tisa ukihesabu kutoka kushoto. Hukupata kumi na mbili. Nilijua siku nilipofungua bahasha.

Mguu uliokatwa na panga si wangu, ni wa Ludovick. Mimi nina goti. Na umeniita Pantaleo. Pantaleo alikuwa baba yetu. Tulimzika Bonga, mvua ilinyesha, wewe ulisoma somo na mimi nilishika koleo. Mimi ni Melkior, mdogo wako, tulizaliwa wawili tu.

Uliuliza mara mbili. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya mwisho. Sikujibu kwa sababu niliogopa kufika hapo mlangoni unitazame kama unavyomtazama muuza sabuni. Nilisema moyoni, nikiwa huku angalau kwenye barua ananijua. Nilijiambia ni msimu, ni nyapara, ni Machi. Haikuwa msimu. Katika barua yako ya mwisho hukunijua hata kwenye karatasi, basi sina tena cha kujificha nyuma yake.

Nimemwambia nyapara naondoka. Akasema, "Machi si kesho kutwa tu, mzee?" Nikamwambia kwangu ni mbali. Ludovick amechukua panga langu. Alikuwa na aibu kulichukua, nikamwambia asijifanye, amelitamani tangu mwaka juzi.

Naondoka kesho asubuhi. Barua hii nimempa kondakta wa basi linalotangulia, labda itafika kabla yangu, labda tutafika pamoja. Usije stendi. Hata kama kichwa ni safi, usije, mvua itaharibu barabara ya kutoka kwenu. Nitakuja kwa miguu.

Nikifika nitabisha hodi. Ukinijua, tutakaa barazani unionyeshe mahindi. Usiponijua, uliza wewe nani, usiogope kuuliza mbele ya shemeji. Nitakuambia jina langu. Ukiuliza tena usiku nitakuambia tena, na kesho yake, na Jumanne ukisema ni Jumapili nitasema ni Jumanne. Nimejaribu mara moja kukuambia ndiyo, na sitarudia.

Mdogo wako,
Melkior